Vifaranga wa Kitangiri

Juzi nilikabidhi ufunguo wa stoo, mizani ya kuning'iniza na jozi moja ya viatu vya mpira vilivyotoboka. Karani aliyepokea aliandika "kizima" mbele ya kila kifaa, hata viatu. Basi mimi sasa ni mstaafu. Ninyi vijana wa uvuvi mliobaki mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa enzi zetu, na mmoja wenu akaongeza, "Lakini mzee, usituandikie vyeo." Asiwe na wasiwasi. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na faili lenyewe mchwa wamekwisha kulipitia. Mimi nitawaandikia habari za samaki wadogo wa urefu wa ukucha, ambao hadi leo nikiwaona majini moyo unanienda mbio kama nimesikia jina langu likisomwa redioni.

Mimi ni Mnyaturu wa upande wa Ikungi, na nimekulia nyuma ya ng'ombe. Maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya Ziwa Singidani pale mjini, na hayo niliyatazama kutoka barabarani. Nilipoajiriwa, miaka michache baada ya Uhuru, niliomba kilimo au mifugo. Wakanipa samaki. Nilipelekwa mafunzo ya miezi michache, nikafundishwa mapezi, matamvua na habari nyingi za bahari ambayo sikuitarajia Singida, halafu nikakabidhiwa baiskeli na barua ya kunipeleka Ziwa Kitangiri, kule Iramba. Lori lilinishusha Misigiri, na kutoka hapo niliendesha baiskeli kwenye mchanga mpaka ikafika zamu yangu ya kuibeba. Niliingia kambi ya wavuvi mchana wa jua kali nikiwa nimefunga tai.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Luhende, Msukuma mwembamba aliyevua ziwani pale kwa miaka mingi kabla serikali haijamwajiri awe msaidizi wa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa kibanda na meza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiitazama tai yangu.

"Unajua kuogelea?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Utakaa mtumbwini kwa adabu."

Dakika chache baadaye nilikuwa majini, nimeshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili, na elimu yangu yote imenitoka. Luhende alivuta wavu, akamtoa perege mmoja mkubwa, akamweka kwenye bakuli jeupe lenye maji. Kinywani mwa yule samaki vikaanza kumwagika visamaki, kumi, ishirini, zaidi, kila kimoja kikiwa na macho meusi makubwa kuliko mwili wake. Nilipiga kelele.

"Mzee! Huyu anakula watoto wake!"

Luhende alicheka mpaka mtumbwi ukatikisika, nami nikaanza kusali. "Anakula wapi? Anawalea, Bwana Samaki. Amewabeba mdomoni asije mtu akawala. Tazama." Akalishusha bakuli polepole ndani ya ziwa. Vile visamaki vilizunguka kidogo kwa woga, kisha, kama vimepigiwa filimbi, vyote vikakimbilia kwa mama vikaingia kinywani, naye akafunga mdomo akaondoka zake. Niliinama kutazama mpaka tai ikalowa. Nawaambia ukweli, kama siku ile wangenirudisha kwenye mifugo ningekataa.

Kesho yake alinipeleka mlangoni mwa mto. Mto ule una jina moja kwa Wanyiramba na jingine kwa Wasukuma, na nimeshaona watu wakigombana kwa ajili hiyo, kwa hiyo mimi nitauita mto tu. Pale unapoingia ziwani ulikuwa umejaa matete na mafunjo marefu kuliko mtu, na katikati yake mlikuwa na vidimbwi vya maji yaliyotulia. Mwisho wa kiangazi maji ya ziwa huwa mazito, yana uchumvichumvi, lakini pale mlangoni mto unaleta maji matamu na wadudu wa kuliwa, na kambale wakubwa hawapenyi kwenye mashina. Luhende alipanua matete kwa kasia nikaona chini vifaranga wa perege wamejaa kiasi kwamba maji yenyewe yalionekana yanatembea.

"Samaki wote unaowaona sokoni Kiomboi," aliniambia, "wodi yao ya wazazi ni hii."

Alinifundisha kupima macho ya wavu kwa vidole: vikipita vitatu vilivyobanana, wavu unafaa, vikipita viwili tu, mwenye wavu aitwe. Nami nilimfundisha jambo moja tu, na alilipenda. Mafunzoni tulionyeshwa kifaa cha kupimia uangavu wa maji, cha duara, cheupe, ambacho ofisi yetu haikuwahi kuletewa. Nilichukua sahani nyeupe ya kulia ugali, nikaitoboa, nikaifunga kamba yenye mafundo. Unaishusha majini mpaka isionekane, unahesabu mafundo. Siku hizo sahani ilikuwa inafika fundo la tano bado inaonekana. Luhende aliibeba kila mahali na kuwaonyesha wageni, akisema ni mtambo.

Mtu wa tatu ambaye lazima mumjue ni Mama Elia. Alikuwa mjane wa Kinyiramba, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo, na alisuka migono, ile mitego ya fito yenye mdomo wa kuingilia na usio wa kutokea. Migono yake ilikaa mlangoni mwa mto tangu enzi za mumewe. Samaki aliowakausha kwenye tanuri lake la udongo ndio waliomlisha yeye na watoto wanne. Aliponiona mara ya kwanza aliuliza kama serikali sasa inaajiri watoto. Nilimheshimu kuanzia hapo.

Basi ikaja miaka ya vijiji vya Ujamaa. Watu walishuka kutoka milimani, kwa malori na kwa miguu, wakaja kujenga kijiji kipya karibu na ziwa. Sitaki mfikiri nilisimama pembeni nikiguna. Nilifurahi mno! Kulikuwa na nyimbo, ngoma, msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila wiki, watu wasiojuana wanafyatua matofali pamoja, shule inapanda ukuta kwa ukuta. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Shila, mtu mpole mwenye baiskeli isiyo na breki, alinijia akaniambia nyumba zinahitaji kuezekwa kabla ya mvua, na matete mazuri yako mlangoni mwa mto. Alitaka tu kibali cha Bwana Samaki.

Nikakitoa. Nilikiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Luhende alikisoma mara mbili, akakirudisha mezani, na akaacha kunisemesha. Matete yakakatwa, yakang'olewa mengine na mizizi, kijiji kikaezekwa. Na kilichofuata kilinilevya kabisa: samaki wakawa wengi! Mlango ulikuwa wazi, watu wakavuta kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, pale palipokuwa na matete, wakatoa perege kwa debe. Niliandika taarifa ndefu kwenda mkoani, nikasifiwa kwa barua, nikaibandika ukutani. Hakuna aliyeniambia kwamba tulikuwa tunavuna mbegu, maana Luhende, ambaye angeniambia, hakuwa ananisemesha.

Mwaka uliofuata ng'ombe wa kijiji walishukia pale pale kunywa, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kuwazuia. Kingo zikabomoka. Maji yakawa mekundu kama uji wa mtama. Sahani yangu ilipotea kabla ya fundo la kwanza. Kokoro zikatoa perege wadogo, kisha wadogo zaidi, kisha tope. Mama Elia alipandisha migono yake mbele yangu siku moja, mmoja baada ya mwingine, na ndani mlikuwa na vyura.

"Hawa nao uwaandikie taarifa," alisema.

Ile barua ya sifa niliibandua mwenyewe.

Nilimwendea Luhende nikamwomba radhi, kwa magoti karibu. Alisikiliza, akawasha sigara, akasema matete yana ubishi. Ukiyapa kipande cha mzizi na miguu ya ng'ombe ikikaa mbali, yatarudi. Tukapanga pamoja: mlango ufungwe kuvuliwa msimu mzima wa mvua, tupande matete, tuweke uzio upande wa malisho, na ng'ombe wakatiwe njia yao ya kwenda kunywea ufukweni kwenye mchanga, mbali kidogo. Mpango ulikuwa mzuri. Kilichobaki kilikuwa mkutano wa kijiji.

Mkutano ule haukuwa rahisi. Watu waliotoka milimani walikuwa wengi kuliko wavuvi, na waliiona ile ardhi nyeusi yenye unyevu mlangoni mwa mto kwa jicho la mkulima. Msemaji wao alikuwa Ndugu Kitundu, mtu wa jembe kwelikweli, mwenye mabega ya kubebea gunia peke yake. Alisimama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, samaki hawapo, kila mtu anajua. Ardhi ipo. Tuchimbe mfereji, tukaushe, tupande mpunga wa kijiji." Wengi walipiga makofi. Ningekuwa na shamba la mlimani lenye mawe kama lake, ningepiga na mimi.

Nilieleza mambo ya vifaranga, nikachora ubaoni perege mwenye watoto kinywani, wengine wakacheka wakidhani nimetunga. Mwishowe Ndugu Shila alitoa uamuzi: nipewe msimu mmoja wa mvua. Mvua zikiisha, kijiji kitakwenda kutazama. Vifaranga wasipoonekana, jembe litaingia.

Ndipo Mama Elia alipoinuka akatoka mkutanoni. Nilidhani amekasirika. Alikwenda mtoni, akaingia majini na nguo zake, akaitoa migono yote kumi na miwili, akaibeba kwa safari tatu mpaka katikati ya mkutano, akaitupa chini. "Nimefunga," akasema. Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo: "Mwanangu, mimi sina shamba. Nimetoa kitu changu mbele za watu kwa neno lako. Unasikia?"

Nilisema nimesikia. Lakini kusikia kwangu kulikuwa kwa masikio tu, kama mtakavyoona.

Tulianza kwa kishindo. Matete tuliyapanda kwa msaragambo, kipande cha mzizi chenye jicho, hatua moja moja, ndani ya tope mpaka magotini. Akina mama waliimba, wanaume walianguka, mimi nilipoteza kiatu kimoja ambacho nadhani bado kiko Kitangiri. Halafu Luhende akaitwa kwao Usukumani kwenye msiba wa kaka yake, na akaniachia kazi moja iliyobaki: uzio.

Sasa, mtu wa Singida ukimwambia uzio, anafikiri kitu kimoja. Nyumbani kwetu boma lilizungukwa na minyaa, kile kichaka cha matawi ya kijani yasiyo na majani, kinachotoa utomvu mweupe ukikikata. Ng'ombe hakigusi, mbuzi hakigusi, ukichomeka kijiti kinaota. Nimezaliwa ndani ya minyaa. Sikufikiri hata dakika mbili. Nikaomba kila nyumba ilete mizigo miwili, na watu wa milimani walileta kwa furaha, kwa sababu hatimaye Bwana Samaki alikuwa ameomba kitu wanachokijua. Ndugu Kitundu mwenyewe alileta minne.

Jua lilikuwa kali, na mashimo hayakuwa tayari. Nikaona ile mizigo imelala chini, imekatwa sasa hivi, inatiririka utomvu, nikaihurumia kama mbegu za viazi. "Iwekeni kwenye maji," nikaagiza, "isije ikakauka."

Kitundu alinishangaa. "Mnyaa haukauki, Bwana Samaki."

"Iwekeni tu."

Wakaiweka. Waliiloweka kwenye vile vidimbwi vitulivu ndani ya matete machanga, mizigo mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mama Elia aliwaona wanaume wakipita na minyaa akadhani ni ya zizi la kijiji, akaendelea kupika uji wa wafanyakazi upande wa pili. Mtu yeyote aliyekulia ziwani angeniambia, na hakuna niliyemwuliza, maana nilikuwa na cheti.

Asubuhi nilifika wa kwanza, nikipiga mluzi. Maji ya vidimbwi yalikuwa na utando mweupe wa utomvu, na juu yake walikuwa wameelea vifaranga, matumbo juu, wengi, wote wa urefu wa ukucha. Maana yake walikuwa wamesharudi! Walirudi wenyewe, mapema, kabla hata mvua hazijakolea, na mimi nikawaua. Nilikaa chini kwenye tope. Sijawahi kujichukia vile kabla wala baada.

Mama Elia alinikuta hapo. Alitazama maji, akatazama minyaa, akasema maneno ya Kinyiramba ambayo niliwaomba watu baadaye wanitafsirie na wote wakakataa. Kisha akanishika ukosi wa shati akaniinua.

"Utalia baadaye. Toa hiyo takataka majini! Na wewe, Kitundu, umesimama unaangalia nini? Lete jembe!"

Vijana wangu, nataka mjue kwamba saa zile mbili zilizofuata ndizo nzuri kuliko zote katika kazi yangu, ingawa zilianza vibaya hivyo. Mama Elia alichovya mkono kwenye kila kidimbwi akatazama samaki wanavyokwenda. Waliokuwa wanayumba bado walikuwa hai. "Hawa wanapona wakipata maji mapya!" akapaza sauti, na sauti ile ikafika kijijini. Akina mama walikuja na vyungu, ndoo, masufuria, mmoja alikuja na beseni la kuogeshea mtoto, mtoto akiwa bado ndani, akamtoa akampa jirani. Walijipanga mstari kutoka kwenye vidimbwi vya sumu mpaka kwenye maji ya mto yanayotembea, wakipokezana vifaranga mkono kwa mkono. Wanaume walivuta minyaa nje huku utomvu ukiwachoma macho. Kitundu alichimba mfereji wa kuingiza mto kwenye vidimbwi, ule ule mfereji aliotaka kuuchimba akaushe maji, na alichimba kama mtu anayefukua mwanawe. Maji ya mto yalipopasua ukingo yakaingia kwa kishindo, watu walishangilia kama goli limefungwa. Mimi nilikuwa nakimbia na bakuli langu jeupe, nalia na kucheka pamoja, na nilianguka mara ngapi sijui.

Tuliokoa wachache. Siwezi kuwadanganya kwamba walikuwa wengi.

Jioni ile nilisimama mbele ya mkutano wa dharura nikasema ni mimi. Sikusema jua, sikusema haraka. Nilisema Ndugu Kitundu alinionya na sikumsikiliza. Mtu nyuma akasema basi mambo yameisha, kesho tuchimbe. Kitundu, macho yake yamevimba kwa utomvu, akamjibu bila kusimama: "Mvua hazijaisha. Tulisema mvua ziishe." Ndugu Shila akafunga mkutano haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Luhende aliporudi kutoka msibani tulimweleza. Nilingoja anifukuze. Aliuliza, "Mliloweka?" Nikasema ndiyo. "Mliloweka minyaa," akarudia, akatikisa kichwa, akaingia ndani akalala. Kesho yake tulianza uzio upya kwa matawi ya miiba ya migunga, kama watu wenye akili.

Mvua ile ilikuwa ndefu kwangu. Nilikuwa napima sahani kila asubuhi, na kila fundo lililoongezeka nilikimbia kumwambia mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mbuzi. Ng'ombe walizoea njia yao ya mchangani. Matete yalitoa ncha za kijani, kisha yakafika magotini, kiunoni, yakawa yanavuma na upepo. Lakini vifaranga hawakuonekana. Na kila nilipopita kwa Mama Elia niliona tanuri lake limepoa, kuku ametaga ndani. Alikuwa anapalilia mashamba ya watu ili watoto wale. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Angenitukana ningelala.

Mvua zilipokaribia kuisha Luhende alikuja ofisini mbio, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, amevaa kiatu kimoja.

"Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo, nimesema!"

Tulisukuma mtumbwi ndani ya matete. Akayapanua kwa kasia kama alivyofanya siku zangu za kwanza. Walikuwepo. Wewe, walikuwepo! Wanene, wepesi, wanageuka wote kwa pamoja na kung'aa, kidimbwi hiki, na hiki, na kile cha pili, mpaka huko ndani tusikoweza kufika. Perege majike walikuwa wanapita polepole na mashavu yaliyojaa. Nilisimama mtumbwini nikarusha mikono, nikasahau kwamba sijui kuogelea, na ziwa likanikumbusha. Maji yalinifika kifuani. Luhende alicheka mpaka akakaa chini, nami nimesimama katikati ya vifaranga wanaonidonadona miguu, napiga kelele za furaha mpaka watu wakatoka mashambani.

Kijiji kilikuja kutazama kama tulivyoahidiana. Nilishusha bakuli, nikalipandisha, nikalipitisha mkono kwa mkono, na hakuna aliyecheka tena habari ya watoto kinywani. Kisha Ndugu Shila akafungua mkutano pale pale ukingoni. Mpunga hautapandwa, akasema, hilo limekwisha. Bado jambo moja. Msimu tuliokubaliana umepita. Mlango uko wazi, na kwa haki ya kijiji, wa kwanza kutega ni Mama Elia.

Watu walipiga makofi. Migono kumi na miwili ilikuwa imeletwa tayari, imefutwa vumbi. Wenye kokoro walikuwa nyuma yake, nyavu mabegani, wanasubiri yeye aingie ili nao waingie. Mimi nilikuwa na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeiandika kwa siku tatu, nikieleza kwamba samaki wa urefu wa kidole wakivuliwa sasa tutarudi kwenye vyura, kwamba mlango unahitaji kufungwa mwaka mwingine, na labda siku zote. Niliishika, nikamtazama Mama Elia alivyokonda, nikakosa uso wa kuisoma. Ningemwambiaje? Miezi yote ile alikuwa amelala njaa kwa neno langu.

Mama Elia aliokota mgono mmoja. Aliingia majini mpaka magotini, akainama, akatazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akatoka, akauweka mgono chini.

"Fungeni tena," akasema.

Ndugu Shila alidhani hakusikia vizuri. "Mama Elia, utakula nini?"

"Ninachokula sasa. Kwani mnaona nimekufa?" Akawageukia wenye kokoro. "Hawa bado watoto. Wakikua watatoka wenyewe waende ziwani, na mimi nitawangoja huko huko nje. Anayetaka kuwavua humu aanze na mimi."

Nyavu zilishuka mabegani moja baada ya nyingine. Ndugu Shila aliuliza wanaokubali wanyooshe mikono, na wa kwanza kunyoosha alikuwa Kitundu. Nilinyoosha na mimi, ingawa sikuwa mwanakijiji na sikuwa na kura, na hakuna aliyenikataza. Mama Elia hakungoja matokeo. Alikuwa ameshajitwika jembe lake, anaelekea kwenye shamba la watu alikokuwa amechukua kibarua siku ile, maana alikuwa amechelewa.